Dakika Tatu za Mama Mapasa

Akina mama wenzangu, kuna neno moja la Kiswahili ambalo tangu mwaka 2023 silitamki bila kufikiri kwanza. Neno hilo ni risasi.

Jioni moja ya mwezi wa pili mwaka huo nilikuwa nimeketi jikoni kwa mama mmoja Mkongo, katika mji mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu. Stashahada yangu ya uuguzi niliipata nyumbani Tanzania. Huku nilianza upya kwa kuosha wagonjwa, nikafanya mitihani hadi nikapata leseni, na sasa nauguza wazee. Jumamosi najitolea kanisani kwenye ghala letu la chakula, nikiwapelekea chakula akina mama wasio na gari. Ndivyo nilivyofahamiana na mama huyu. Wenzake humwita Mama Mapasa, kama Wakongo wanavyomwita mama aliyezaa pacha. Aliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, kwa hiyo Kiswahili chake na changu havigombani.

Alinipa barua ya kliniki nimsomee. Nikaisoma, kisha nikasema kama muuguzi aliyechoka anavyosema, "Mama, huyu pacha wa pili ana risasi katika damu."

Akaruka kutoka kitini. Alimvua mtoto shati, akamgeuza tumbo na mgongo, akipapasa kutafuta tundu. Mwanamke huyu alikimbia kwao Kivu kwa sababu ya risasi, na mimi nikamletea habari hiyo hadi jikoni kwake! Nilimshika mikono nikamweleza kwamba si risasi ya bunduki. Ni madini, yale yanayotumika kutengeneza betri za magari, ambayo zamani yalichanganywa pia katika rangi za kupaka nyumba. Alinisikiliza, akaketi, kisha akauliza, "Sasa imeingiaje kwa mtoto?"

Nikainua macho nikaangalia dirisha.

Nyumba za mtaa ule ni za mbao, nyingi zimejengwa kabla ya mwaka 1940. Hapa Marekani rangi yenye risasi ilikatazwa katika makazi mwaka 1978, lakini kukatazwa hakukuiondoa kwenye kuta ilikokuwa tayari. Imelala chini ya rangi mpya. Madirisha ya zamani ya huku hupandishwa na kushushwa, na kila yanaposuguana na fremu rangi husagika ikawa vumbi. Vumbi huanguka sakafuni, mtoto hutambaa, hutia vidole mdomoni. Basi. Huna haja ya kumwona anakula kitu kibaya. Risasi hudhuru ubongo unaokua, hasa wa mtoto aliye chini ya miaka sita, na mara nyingi hakuna homa wala kikohozi cha kukuonya. Mtoto anachelewa kusema, au anakuwa mkorofi, au miaka ikipita anashindwa masomo, na mama analaumiwa kwamba hajui kulea. Tangu mwaka 2021 wataalamu wa afya wa Marekani wanaanza kufuatilia mtoto akifikia mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu, na hata chini ya hapo hawasemi kuwa ni salama. Pacha yule alikuwa na 14. Mwenzake alikuwa na 6.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikulisema siku ile. Kwa nusu mwaka nilikuwa naketi chini ya dirisha lile nikinywa chai. Niliona rangi ilivyobanduka ikajikunja kama magamba ya samaki. Nikafikiri nini? Nikafikiri ni uchafu. Siku moja nilimchukulia mama huyu ufagio nikamsaidia kufagia, nikamshauri afagie mara nyingi zaidi. Kufagia vumbi la risasi kwa ufagio mkavu ni kulirusha hewani. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Hilo nililijua, lilikuwa katika vitabu nilivyosomea mtihani wa leseni. Lakini nilikuwa nimevaa fulana ya ghala la chakula, na pamoja na hiyo fulana nikawa nimeuacha uuguzi nyumbani.

Kliniki ilitoa ushauri mzuri: kufuta kwa maji, kunawa mikono, vyakula vyenye chuma na kalsiamu. Yote hayo ni kupangusa maji huku bomba limefunguliwa. Dawa yenyewe ilikuwa kubadilisha madirisha, na mwenye nyumba alisema hana fedha. Mji ulikuwa na mpango wa kukarabati nyumba kuukuu, ila ulikuwa wa watu wanaoishi katika nyumba zao wenyewe. Wapangaji hawakuhusika. Na wakimbizi wote ninaowafahamu ni wapangaji.

Hapo ndipo likaja tangazo la kikao cha hadhara. Niwaeleze kidogo, maana mimi mwenyewe nilikaa nchi hii zaidi ya miaka kumi bila kujua. Kuna fedha ambazo serikali kuu ya Marekani huzigawa kwa miji na majimbo kila mwaka, ruzuku ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya mwaka 1974 iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford. Mwaka 2023 zilitengwa dola bilioni 3.3 kwa nchi nzima. Mji haupangiwi kila senti itumikeje, lakini una mipaka. Angalau asilimia 70 lazima ziwafae watu wa kipato cha chini na cha kati. Huduma kwa watu, kama vile chakula, malezi ya watoto na vijana, kwa kawaida hazipewi zaidi ya asilimia 15. Na kabla ya kupanga, mji lazima uwaite wananchi uwasikilize, angalau mara mbili kwa mwaka, pamoja na siku 30 za kupokea maoni ya maandishi.

Kamati ya ghala ikanichagua mimi niende kutusemea. Friji letu kubwa lilikuwa limekufa, na foleni ya Jumamosi ilikuwa inafika barabarani. "Wewe ni muuguzi, watakusikiliza," akasema mzee mmoja wa kanisa, akanipa karatasi yenye hesabu zetu.

Nikamwomba Mama Mapasa twende wote. Mume wake, ambaye hufanya kazi za usiku kiwandani, hakupenda. Alisema, "Dada, sisi tumefukuzwa mara nyingi. Mwenye nyumba akisikia tumemshitaki serikalini, tutalala wapi?" Sikuwa na jibu. Ningelikuwa mimi, labda ningesema vivyo hivyo. Mama Mapasa hakubishana naye; alipika, akaivisha jikoni yote, akawalaza watoto, kisha akavaa kitenge chake cha kanisani na koti la baridi juu yake.

Mlangoni mwa ukumbi tulipewa kadi za kujaza: jina, anwani, jambo unalotaka kusema. Kalamu ya Mama Mapasa ikasimama kwenye anwani. Nikamwuliza karani kama jina la mtaa linatosha. Akatutazama, akatazama kitenge, akasema linatosha. Mungu ambariki, sikumjua hata jina.

Ofisa wa mji alianza kwa kueleza kwa picha ukutani. Hapo nikajifunza mambo mawili yaliyonitoa usingizi. La kwanza, ghala letu la chakula na madirisha ya Mama Mapasa havikuwa vikigombea fungu moja. Ghala limo katika ile asilimia 15 pamoja na kituo cha vijana, kina mama waliopigwa na waume zao, na wazee wanaopelekewa chakula. Nyumba zina fungu jingine. La pili alilisema kwa haraka, kama mtu asomaye tangazo la basi: kwamba miji kama wetu hugawiwa ruzuku kwa kukokotoa umaskini, idadi ya watu isiyokua, na nyumba zilizojengwa kabla ya 1940, na kwamba hizo nyumba ndizo zenye uzito wa nusu nzima katika hesabu. Nikamgusa Mama Mapasa nikamnong'oneza, "Umesikia? Fedha hizi zinakuja kwa sababu ya nyumba kama yako."

Akanitazama. "Kwa sababu ya dirisha langu?"

"Ndiyo, kwa sababu ya dirisha lako."

Watu wakaanza kuitwa. Kila mmoja dakika tatu, na taa ndogo mbele yake: kijani, njano, nyekundu. Wengi waligombana na wasiohusika. Mzee mmoja alisema vijana wamepewa vya kutosha, mwalimu wa vijana akamjibu kwamba wazee hawafi na njaa mji huu. Niliwahurumia wote. Wakati huohuo lami, vijia vya kutembelea kwa miguu na nyumba, yaani sehemu kubwa ya mkate, karibu hakuna aliyeitaja.

Likaitwa jina langu. Karatasi ya ghala ilikuwa mkononi. Nilipofika kwenye kipaza sauti niliikunja nikaitia mfukoni, nikasema mimi ni muuguzi. Nilieleza vumbi la madirisha. Nilieleza habari ya binti wa miaka miwili, mkimbizi kutoka Sudan, aliyefariki kwa sumu ya risasi katika jimbo la New Hampshire mwaka 2000, baada ya kufika Marekani akaishi katika nyumba ya zamani kama hizi. Nikaomba mpango wa ukarabati uwafikie wapangaji wenye watoto chini ya miaka sita. Taa ikawa nyekundu. Nimewahi kuogopa vyumba vya upasuaji, lakini si kama nilivyoiogopa taa ile.

Kisha Mama Mapasa. Alisimama wima kama anasimama mbele ya harusi. Mimi nikawa mkalimani. Alisema watoto wake walitoka kambini wazima, wakapimwa walipofika, wakawa wazima. Alisema sumu waliipata hapa. Alisema analipa kodi kila mwezi bila kukosa. Halafu akasema, "Nyumba mnazotupangisha, mngeweka mbwa wenu humo?"

Hilo sikulitafsiri. Nilisema kwa Kiingereza kwamba anaiomba halmashauri kwa heshima izifikirie hali za nyumba za kupanga. Mmelelewa kama nilivyolelewa. Mgeni hamtukani mwenyeji ukumbini kwake. Nilidhani ninamstahi.

Mama Mapasa aliwatazama wajumbe mmoja mmoja. Wakatikisa vichwa kwa upole. Akanigeukia.

"Dada, umewaambia la mbwa?"

Nikanyamaza.

"Hujawaambia. Wangekuwa wamekasirika. Waambie."

Taa ilikuwa ya njano. Nikamwambia mwenyekiti kwamba mkalimani amekosea na anaomba kusahihisha, nikalisema neno kwa neno. Ukumbi ulinyamaza. Mjumbe mmoja mwanamke, aliyekuwa akiandika muda wote, aliweka kalamu chini akauliza watoto wana umri gani. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yakaanza, na yalipita taa nyekundu bila mtu kuyakatiza.

Kanisani Jumapili ile sikupokelewa vizuri. Mzee aliyenipa karatasi aliniuliza kama ghala ni la baba yangu hata nilitupe. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikuwa nimeshaandika maoni ya ghala siku iliyofuata kikao na kuyapeleka mwenyewe ofisini, ndani ya zile siku 30, lakini nilikuwa nimetumwa kusema, sikusema. Ghala lilipata kiasi kidogo kuliko tulichoomba. Friji tulilinunua kwa kuchanga, na kwa miezi mitatu tuligawa chakula cha makopo tu. Kina mama waliokuja kutafuta maziwa ya watoto wakaondoka bila maziwa ni wangu pia, nao niliwaona usoni.

Mpango wa mji ulipopitishwa, sehemu ya fedha za ukarabati ilifunguliwa kwa nyumba za kupanga zenye watoto wadogo, kwa sharti kwamba mwenye nyumba asipandishe kodi kiholela baada ya kazi kufanyika. Nyumba chache kwa mwaka. Mwenye nyumba wa Mama Mapasa aliomba, tena alikuwa miongoni mwa wa kwanza, na wala hakujua nani alisema nini. Mafundi walikuja mwezi wa kumi. Pacha wa pili alipopimwa tena mwaka uliofuata alikuwa na 7. Bado anasema maneno machache kuliko nduguye, naye anakwenda kwa mtaalamu wa usemi mara mbili kwa wiki.

Sheria inautaka mji uambatanishe na mpango wake muhtasari wa maoni ya wananchi, hata yaliyokataliwa, na sababu za kuyakataa. Niliuchukua muhtasari huo nikampelekea Mama Mapasa. Tuliketi palepale, chini ya dirisha jipya jeupe ambalo bado lilikuwa na karatasi ya kiwandani pembeni, kwa sababu hakutaka kuibandua. Nikamsomea mstari wake: kwamba mkazi mmoja, kupitia mkalimani, alieleza wasiwasi kuhusu madini ya risasi katika nyumba za kupanga, na kwamba maoni yake yamezingatiwa.

Alinitaka nisome tena. Nikasoma.

"Na la mbwa?" akauliza. "Wameliandika?"

Nikamwambia hawakuliandika.

Akacheka, akanimiminia chai.