Joto la Olkaria kwa Macho ya Mtu wa Changamwe

Alfajiri ya Naivasha humfanya mtu wa Pwani atafute sweta ya pili. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya jua kuchomoza umande umeshalowesha kila kitu. Saa hiyo, katika shamba la Oserian, mawaridi yanapashwa moto. Ndani ya mabanda ya nailoni mabomba ya maji moto yamelazwa kando ya matuta. Niliweka kiganja juu ya moja nikakiondoa upesi. Majani ya mawaridi yalikuwa makavu, ilhali nyasi za nje ni chepechepe. Unyevu wa usiku ndio unaoleta kuvu, na joto likiufukuza, dawa ya kupuliza hupungua.

Joto hilo hutoka katika kisima cha jotoardhi cha Olkaria ambacho shamba lilikikodi kwa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na kuanzia 2003 kikawa kinapasha hekta 50 za mabanda. Maji ya kisima chenyewe hayafiki kwenye maua, kwa kuwa yana madini yanayogandia mabomba. Hupitishwa ubavuni mwa maji safi, bati jembamba likiwa katikati, yakaacha joto lake hapo. Hata hewa ya kaboni inayopanda na mvuke hupelekwa mabandani, mimea ikaitumia. Shamba pia lina mitambo yake midogo ya umeme wa mvuke.

Eburru, kaskazini-magharibi ya ziwa, hakuna mto. Wenyeji wameelekeza mvuke wa ardhini kwenye mabomba yaliyoinamishwa. Ndani yake unapoa, unageuka maji, unadondoka tone kwa tone. Nilisimama nikitazama jerikani ikijaa polepole na kuwakumbuka wasukuma mikokoteni ya maji wa Likoni, kwetu Mombasa, na visima vya Kisauni vyenye maji ya chumvi. Shida ya maji ni ile ile, ila hawa wanayapata kwa moshi mweupe unaotoka kwenye nyufa za mlima.

Tukirudi Oserian, mawaridi hutaka joto usiku, ilhali kisima kinapumua usiku na mchana, hata joto lisipohitajika. Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, walikabili jambo hilo zamani. Mtambo wa Nesjavellir huzalisha umeme na maji moto kwa pamoja. Maji husafiri kilomita 27 hadi mjini, na juu ya kilima yapo matangi makubwa yanayoyahifadhi hadi watu watakapoyahitaji. Wataalamu wengi wa Kenya wa jotoardhi wamesomea huko, na ningependa kuona matangi ya namna hiyo Naivasha, yakihudumia shule na hospitali, si maua peke yake.

Na kwetu Changamwe, Mombasa, je? Pale Kipevu mtambo wa tatu wa dizeli, wa megawati 120, ulianza kazi 2011. Katika injini za namna hiyo zaidi ya nusu ya joto la mafuta haliwi umeme. Huondoka na moshi na maji ya kupoozea. Mafuta yenyewe yamekuja kwa meli, yamelipiwa kwa fedha za kigeni. Kule Olkaria joto hutoka ardhini, na bado wamelitafutia kazi ya pili na ya tatu. Sisi tumelinunua, tunaliachia angani.

Najua hakuna jirani wa Miritini wala Mikindani atakayetaka nyumba yake ipashwe. Tunachotaka sisi ni baridi. Lakini ipo mitambo ya amonia na maji inayotengeneza barafu kwa nguvu ya joto, bila kompresa, na wavuvi wa Likoni hununua barafu kila siku samaki wasiharibike. Tangu laini kubwa ya umeme kutoka Nairobi ifike Rabai mwaka 2017, umeme wa bara huja kwetu kwa wingi zaidi, na dizeli huhitajika zaidi jioni matumizi yanapopanda. Joto lake basi lingekuja kwa vipindi, na tangi la maji moto la kulishikilia mpaka asubuhi ndilo lingekuwa la kwanza kujengwa. Na joto halingesafiri mbali: kutoka Kipevu hadi viwanda vya Changamwe ni mwendo wa miguu.