Kutoka Kuluva Hadi Ng'ambo: Tiketi ya Ndege na Hesabu ya Siku

Msafiri atokaye Arua kuelekea Kampala hufika Kuluva baada ya kiasi cha kilomita 11 tu, kando ya barabara iendayo Nebbi na Pakwach. Ni mahali pa mashamba ya mihogo na ya tumbaku, na jina lake limevuma kwa sababu ya hospitali ambako madaktari wawili ndugu, Ted na Peter Williams, walifanya kazi kwa miaka mingi. Mwezi Oktoba 1961 Daktari Ted aliondoka Kampala pamoja na Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji wa Mulago, na mwenzao Cliff Nelson, wakiwa katika gari moja la Ford. Walikwenda mpaka Afrika Kusini na kurudi, maili 10,000 kwa majuma 10, wakaingia hospitali zaidi ya 50 kuulizia habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto, ambao leo unaitwa kwa jina la Burkitt. Hospitali nyingi zilikwisha kuandikiwa barua kabla gari halijatiwa mafuta.

Mabwana wale walikuwa na nafuu moja: gari lao lilikuwa likiwangoja wao. Abiria wa ndege ndiye amngojaye mwenye chombo, naye asipofika kwa wakati huachwa. Siku hizi watoka Kuluva, Arua na Koboko kwenda ng'ambo ni wengi: mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo, mgonjwa aendaye Bara Hindi kwa matibabu, mama anayemfuata mumewe, askari aendaye kozi. Fedha za tiketi hukusanywa na ukoo mzima, pengine ng'ombe huuzwa. Kwa hiyo kosa dogo katika karatasi ile ni hasara ya watu wengi.

Kosa la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni la saa. Ndege nyingi ziendazo mbali huondoka Entebbe usiku. Tuseme tiketi imeandikwa 02.30, Jumatano tarehe 15. Yuko atakayeisoma saa 2.30 kwa hesabu yetu ya Kiswahili, akajiandaa kwa asubuhi. Huyo amekosea kwa saa 6, kwani 02.30 ya tiketi ni saa 8.30 ya usiku. Mwingine ataijua saa barabara lakini aikose siku: atakaa nyumbani Jumanne yote, aage wazee Jumatano, afike kiwanjani Jumatano usiku, na ndege imekwisha kuondoka tangu usiku uliotangulia. Siku ya tiketi huanza usiku wa manane. Wazee wa pwani walihesabu siku tangu jua lichwapo, na kwao usiku wa Jumatano ni ule unaoitangulia Jumatano. Lakini leo wengi wetu tunausema kwa maana ya usiku unaoifuata, na hapo ndipo watu wanapopotezana. Ni heri kuandika pembeni kwa kalamu: "Usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, kiwanjani saa 5.30 usiku wa Jumanne." Hizo ni saa 3 kabla ya ndege kuruka. Ifahamike pia kwamba kila saa iliyoandikwa katika tiketi ni ya mji unaotajwa hapo, wala si ya Uganda.

Sasa na tuihesabu njia ya nchi kavu. Kutoka Kuluva mpaka Kampala ni karibu kilomita 500, na msafiri huvuka Mto Nili mara mbili, Pakwach na tena Karuma. Kutoka Kampala kuna kiasi cha kilomita 40 zaidi hadi Entebbe. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, magari yakazungushwa kwa njia nyingine, na safari ikawa ndefu mno. Abiria wetu wa Jumanne usiku akipanda basi la Jumatatu usiku atafika Kampala Jumanne asubuhi, ikiwa yote ni heri. Mimi ningemshauri aondoke Jumapili. Siku moja ya kulala kwa ndugu mjini Kampala ni rahisi kuliko tiketi mpya. Na yeyote apataye nafasi katika ndege ndogo kutoka kiwanja cha Arua asiipange ifike Entebbe saa chache kabla ya ndege kubwa. Hizo ni tiketi mbili mbalimbali, na ndogo ikichelewa, shirika la ile kubwa halidaiwi kitu.

Jambo hilohilo huwapata wanunuao tiketi mbili za mashirika mawili ili kuokoa fedha. Penye tiketi moja, shirika likichelewesha ndege hulazimika kumtafutia abiria nyingine. Penye mbili, abiria hubaki na mizigo yake katika nchi ya watu, na pengine hutakiwa viza ya kupita. Wenye pasi ya Kongo, ndugu zetu wa Aru na Ariwara, kwa kawaida hutakiwa viza ya kupita katika viwanja vya nchi nyingi za Ulaya hata wasipotoka nje ya kiwanja. Na mtu asiruke kipande cha kwanza cha tiketi: mwenye tiketi ya Entebbe, Nairobi, London akienda Nairobi kwa basi, atakuta vipande vyote vilivyosalia vimefutwa.

Katika kumlipa wakala, yafaa kujua tofauti ya nafasi iliyoshikwa na tiketi iliyotolewa. Karatasi yenye alama 6 za herufi na tarakimu yaonyesha kwamba nafasi imeshikwa tu, nayo hufutwa isipolipiwa. Tiketi halisi ina namba ya tarakimu 13, na 3 za mwanzo ni za shirika lenyewe. Piga simu kwa shirika, uitaje namba hiyo, kabla ya kumshukuru wakala.

Jina nalo liwe lilelile la pasi, herufi kwa herufi. Watu wetu wana jina la nyumbani na jina la dini, na hutanguliza lolote kati ya hayo. Shirika la ndege halina habari na mazoea hayo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na Bara Hindi hukidai kwa mtu atokaye Uganda.

Kwa askari na polisi kuna neno la ziada. Likizo yaweza kuahirishwa kwa amri ya siku moja, na tiketi ya bei ya chini kabisa aghalabu haibadilishwi wala fedha hairudishwi. Aulize mapema, alipe zaidi kidogo kwa ile inayobadilika.

Hesabu ya kurudi ni ileile. Ndege iondokayo Ulaya jioni huweza kushuka Entebbe siku ya pili yake, na barua ya nyumbani itaje siku ya kushuka, ili jamaa wa Kuluva wajue waondoke lini kwenda kupokea.