Kitabu, kibodi na amana ya picha za harusi

 

Tukiwa kazini, huku tunasubiri hina ya bibi harusi ikauke, huwa tunafungua laptopu yetu kuukuu tukahamisha picha. Hapo lazima atokee dada mmoja achungulie: hiyo skrini nyeusi yenye maandishi matupu mmefundishwa na nani? Tukisema tumejifunza kwa kitabu, swali la pili linafuata palepale. Kitabu? Zama hizi? Video zipo, akili mnemba ipo na inajibu usiku na mchana, kitabu cha kurasa karibu 500 cha nini? Swali hilo la pili ndilo tunalotaka kulijibu leo, kwa nafasi.

Kwanza mjue kwa nini tulihitaji kujifunza. Sisi watatu tunapiga picha za shughuli za wanawake tu: singo, usiku wa hina, ukumbi wa kina mama. Mnajua wenyewe picha hizo zilivyo. Buibui limevuliwa, nywele zina asumini, mashangazi wanacheza mpaka kanga zinafunguka. Anayeturuhusu tupige picha hizo anatuamini sisi, hajamwamini mtu mwingine yeyote. Lakini kazi ya picha haiishi ukumbini. Kadi hujaa, majina ya faili hugongana, diski hugoma, na njia ya wengi ni kubeba mashine mpaka dukani kwa fundi. Hatuna neno na mafundi. Ila fundi ni mwanamme, na ili ajue kama faili imepona lazima aifungue, na akiifungua ameona. Bibi harusi mmoja alituuliza kabla hajatoa arbuni: picha zangu zitapita mikononi mwa nani? Jibu tulilotaka kuweza kulitoa ni majina yetu matatu, basi.

Kwa hiyo ilitubidi kazi ya fundi tuifanye wenyewe, na laptopu yetu, kwa vile ni ya zamani, inatumia Linux, mfumo ambao ni wa bure na hauilemei mashine. Kwenye Linux mambo mengi unaweza kuyafanya kwa kubonyeza picha ndogo kama kwingine kote. Lakini jaribu kuzipa majina picha 800 za harusi moja kwa kipanya, moja baada ya moja, ndipo utakapoelewa kwa nini watu wanaandika amri. Mstari wa amri ni hivyo tu: unaandika neno, unabonyeza kitufe cha kuingiza, mashine inatii. Programu inayopokea maneno yako huitwa sheli. (Siyo ile ya mafuta.)

Kitabu chenyewe kinaitwa The Linux Command Line, kimeandikwa na William Shotts. No Starch Press walikichapisha 2012, na toleo la pili likatoka 2019. Mwandishi pia anakitoa bure kama PDF kwenye tovuti yake, linuxcommand.org, kwa leseni inayoruhusu kunakili na kumpa mwenzio, alimradi usikiuze wala usikibadilishe. Hili la leseni tulilisoma kabla ya yote, maana haki ya mtu ni haki ya mtu hata kama imewekwa intaneti. Basi ukitaka kumwekea dada yako kwenye flashi, mwekee bila wasiwasi. Sisi tulichapisha sehemu ya kwanza kwenye duka la fotokopi na kuibana kwa waya, umeme ukikatika tunaendelea kusoma kwa taa ya chaji.

Faida ya kwanza tuliyoiona ni mpangilio. Sote tumepita chuoni tukiwa wadogo. Mwalimu hakutuanzishia Suratul Baqara. Tulianza alifu kwa kijiti, tukaja irabu, tukaunganisha, kisha sura fupifupi za juzuu amma, na kila jipya lilikaa juu ya lile la jana. Kitabu hiki kinakwenda vivyo hivyo. Kina sehemu nne na sura 36. Unaanza na kujua uko wapi ndani ya mashine (pwd), kuna nini hapo (ls), na unakwendaje kwingine (cd). Amri ya kufuta haiji mpaka sura ya nne. Video tulizojaribu zilikuwa nzuri moja moja, lakini kila moja ilidhani umeshajua kitu ambacho hakuna aliyekwambia. Na zinakula bando.

Hebu tukae kwenye hiyo amri ya kufuta, maana hapo ndipo kitabu kilipojilipia kwetu. Amri ni rm. Kinyota maana yake ni "chochote". Kwa hiyo rm *.JPG maana yake futa kila faili inayoishia na .JPG. Sasa weka nafasi moja tu baada ya kinyota: rm * .JPG. Umeona tofauti? Ni upana wa punje ya mchele. Lakini sasa umesema: futa kila faili iliyomo humu, halafu futa na faili iitwayo .JPG. Mashine itafuta zote, kisha itakunung'unikia kwamba hiyo .JPG haikuiona. Hapa hakuna kapu la taka la kuchakura. Harusi ya mtu imekwenda, na harusi hairudiwi kwa ajili ya picha.

Kitabu kinaionya hatari hiyo pale pale kinapofundisha rm, na kinatoa dawa: andika kwanza ls na kinyota chako, utazame majina yatakayotokea. Ukiridhika, bonyeza mshale wa juu amri irudi, ubadilishe ls iwe rm. Tangu tuisome, mmoja wetu hafuti kitu bila mwenzie kusoma orodha hiyo kwa sauti. Ukiuliza kwenye intaneti namna ya kufuta faili nyingi unapewa amri yenyewe tu, na amri hiyo ni sahihi kabisa. Hiyo nafasi ya punje ya mchele huwezi kuiuliza, kwa sababu hujui kama ipo.

Sura ya saba ndiyo tuliyoisoma mara nyingi kuliko zote, na tungeambiwa tuchague sura moja tu tungechukua hiyo. Inaeleza sheli inafanya nini na maneno yako kabla ya kuyapeleka kwenye amri. Ipo amri iitwayo echo, kazi yake ni kurudia unachosema. Andika echo jambo, itasema jambo. Andika echo * na huoni kinyota, unaona majina ya faili zote zilizomo. Kwa nini? Kwa sababu sheli imekiondoa kinyota na kuweka majina mahali pake kabla echo haijasikia chochote. Echo haikukiona kinyota hata kidogo, na rm pia haikioni. Inapokea orodha tu, na inafuta ilichopewa.

Ukishaelewa hilo mambo mengine yanafunguka yenyewe. Sisi tuna folda iitwayo Usiku wa Hina. Ukiandika ls Usiku wa Hina, mashine inatafuta vitu vitatu: Usiku, wa, na Hina, na haioni hata kimoja. Ni kama kuita "Mama Mkubwa" kisha wakaitika watu wawili. Weka alama za kunukuu kulizunguka jina lote na linakuwa moja. Kwa mtu anayenakili amri tu, huo ni uchawi: jana ilifanya kazi, leo imekataa. Aliyesoma sura ya saba anacheka na kuongeza alama zake mbili.

Jambo jingine lililotufurahisha ni kwamba kitabu cha namna hii hakichachi. Kitabu cha programu za vibonye, baada ya miaka miwili picha zake hazifanani tena na skrini yako. Lakini amri hizi ni za zamani mno. Unix, ambayo Linux imefuata nyayo zake, ilianza 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, na watu waliandika kwa mashine za teleprinta zenye kasi ya kobe. Ndiyo maana majina ni mafupi hivyo, ls, cp, mv, kila herufi ilikuwa jasho. Wazo la kuunganisha amri kwa kijistari cha wima, matokeo ya moja yamiminike kwenye nyingine kama maji ya mfereji, lilikuwa la Douglas McIlroy, nalo likaingia Unix mwaka 1973. Sisi tunalitumia kila baada ya shughuli: ls | wc -l kwenye kadi ya kamera, kisha kwenye diski. Idadi zikilingana tunalala, zisipolingana hatuigusi kadi.

Mtu atasema mashine yenyewe ina mwongozo ndani, uandike man na jina la amri. Upo, na asili yake ni ile miongozo ya Unix iliyoanza 1971. Lakini huo ni kama kamusi. Kamusi ni nzuri kwa anayejua neno analolitafuta. Hakuna aliyejifunza kusema kwa kusoma kamusi kuanzia A.

Sasa upungufu wake, maana hatuuzi kitabu.

Ni cha Kiingereza, na leseni hairuhusu kusambaza tafsiri bila idhini. Mmoja wetu ambaye Kiingereza chake ni cha skuli ya zamani alikuwa akichoka baada ya kurasa mbili. Tukakubaliana: mmoja anasoma, wa pili anaeleza kwa Kiswahili, wa tatu ndiye anayeshika kibodi. Zamu zinazunguka. Ikawa anayechoka kusoma ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote, mashaallah.

Pili, kitabu hakiingii vidoleni. Ukisoma sura nzima kitandani na usiandike hata amri moja, asubuhi huna kitu. Kama huna kompyuta ya kujaribia, ipo programu ya simu za Android iitwayo Termux, inakupa sheli halisi. Kuandika nyota na mistari kwa kibodi ya simu kunaudhi, tunakiri, lakini kunafaa kuliko kusoma kavu.

Tatu, lile hasa lililotuleta: siri za picha. Kitabu kinafundisha vizuri ruhusa za faili. Amri ya chmod 700 inaifunga folda ili mwenye akaunti peke yake aingie, na wengine wanaotumia mashine ile ile wazuiwe. Tulidhani tumemaliza. Kumbe ruhusa hizo hazishiki kwenye kadi za kamera na flashi nyingi, kwa sababu zimepangwa kwa mfumo wa FAT au exFAT ambao hauna mahali pa kuziandika. Na hata zikishika, mtu akichomoa diski na kuichomeka kwenye mashine yake anaweza kuzipita. Kinga yake ni kuifunga diski nzima kwa neno la siri, na hilo tulijifunza kwingine. Lakini tuliweza kuuliza swali hilo kwa sababu kitabu kilishatuonyesha ruhusa ni nini na zinakaa wapi.

Na hapo ndipo tunapoiweka akili mnemba pia. Tunaitumia, kwa nini tujinyime? Tukikwama tunaiuliza, na mara nyingi inasaidia. Lakini ikikupa mstari mrefu wenye rm ndani yake, nani atausoma kabla hujabonyeza? Sisi tunausoma sehemu kwa sehemu: hiki ni kinyota, hapa kuna nafasi, hapa panahitaji alama za kunukuu. Mara mbili sasa tumeukataa mstari tuliopewa, kwa sababu jina la folda letu lilikuwa na nafasi na mstari haukulijali. Neno "hapana" tulilipata kwenye kitabu.

Kwa anayetaka kuanza, Bismillah: sura ya kwanza mpaka ya kumi, sura moja kwa wiki, wawili au watatu pamoja. Tengeneza folda ya mchezo yenye faili zisizo na thamani na ufute humo mpaka uchoke. Sura ya vi iruke kwa sasa, tumia nano, utairudia ukipenda. Ruka mbele mpaka ile ya kuhifadhi nakala usome rsync, maana ndiyo inayonakili picha mpya tu badala ya kuanza upya kila mara. Sehemu ya nne, ya kuandika amri zako mwenyewe, sisi tumeifikia baada ya Idi. Tayari tuna faili moja ya mistari kumi na moja inayozipa picha jina la tarehe na namba, na ikikuta jina limeshatumika inasimama na kuuliza kwanza. Harusi tatu za mwezi huu zimepita humo.