Kigongo hadi Busisi: Maji yaliyomsubirisha mama mjamzito

Basi la Sengerema au Geita likitoka Stendi ya Nyegezi hupita Buhongwa, likifika Usagara hukata kulia. Hapo ndipo mama mwenye mtoto mchanga alipoanza kuhesabu nepi na maji ya kunywa, maana mbele kulikuwa na Kigongo, na hakuna aliyejua atakaa Kigongo muda gani.

Kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko kulichukua zaidi ya nusu saa, na hiyo ni baada ya kupata nafasi. Foleni peke yake iliweza kula saa mbili. Watu walikula samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchoma, wakapiga soga, wakasinzia. Watoto walichoka, wakashuka ukingoni kuchezea maji. Mzazi aliyewaacha alidhani hatari ni kuzama tu, kumbe kandokando ya ziwa hili kuna pia kichocho. Vimelea vyake hupenya kwenye ngozi, hata kama mtoto hakunywa tone.

Sasa basi halisimami. Daraja la J.P. Magufuli, lililoanza kujengwa mwaka 2020 na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025, lina urefu wa kilomita tatu na limegharimu zaidi ya Sh700 bilioni. Kila upande una njia mbili za magari, njia ya dharura na sehemu ya waenda kwa miguu. Mtoto aliyekaa dirishani huona maji, nguzo na mitumbwi michache, na kabla hajamaliza maswali yake, Busisi hii hapa.

Abiria wa kawaida ameokoa muda. Kwa mjamzito wa Sengerema, Buchosa au Geita hesabu ni nzito zaidi, kwa sababu Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, iko Mwanza mjini, ng'ambo ya maji.

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kwenda hospitali, wa kufika na wa kuhudumiwa baada ya kufika. Kivuko kilikuwa katikati ya ule wa pili. Hata gari la wagonjwa likipishwa foleni nzima, lilibaki pale pale kama kivuko kilikuwa bado Busisi.

Huenda si ajabu kwamba Sengerema ni miongoni mwa maeneo ya mwanzo kujaribiwa mfumo wa usafiri wa dharura ambao leo nchi nzima inaufahamu kwa jina la m-mama. Namba yake ni 115, na kupiga ni bure. Pale ambapo hakuna gari la wagonjwa karibu, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli hailipwi na familia. Baba anayesoma hapa aiandike namba hiyo kwenye simu yake leo, asisubiri uchungu uanze.

Jambo jingine ni hiyo njia ya dharura. Mandhari yanavutia, na kishawishi cha kuegesha gari ili familia ipige picha ni kikubwa. Njia ile ni ya gari lililoharibika na la mgonjwa. Wenye hamu ya picha wana sehemu ya kutembea kwa miguu.

Walioumia wapo. Mama lishe na wauza samaki wa Kigongo na Busisi waliishi kwa foleni ile ile iliyowakera wengine, na ada za shule za watoto wao zilitoka humo. Basi linalopita kwa kasi halinunui samaki.

Na wapo ambao kwao daraja liko mbali bado. Mjamzito wa kisiwa cha Kome, huko Buchosa, lazima kwanza avuke kwa kivuko hadi Nyakarilo. Uchungu ukimkuta usiku, ni maji kwanza, kisha barabara ya Sengerema, ndipo aione Busisi na taa za daraja.