Sauti ya Baba na Mvumo wa Stima

Kwa zaidi ya miaka thelathini mama yangu amehifadhi kanda moja ya kaseti ndani ya kopo la majani ya chai, chini ya kitanda chake huko Mutomo, Kaunti ya Kitui. Haina wimbo wowote. Ni barua ambayo marehemu baba aliinena kwa mdomo mwaka 1993, alipokuwa kibarua katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Simu hazikuwa nyingi vijijini siku hizo, na mama hakuwa msomaji hodari. Basi baba akaazima redio ya kaseti, akanasa sauti yake na kumpa kanda hiyo jirani aliyekuwa akirudi nyumbani.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka miwili. Baba alipofariki mwaka 2009, kanda hiyo ndiyo iliyobaki na sauti yake. Nilipomtembelea mama mwaka jana, alinikabidhi lile kopo kwa mikono miwili. "Mwanangu, macho yangu yameanza kuniacha," akasema. "Nataka wajukuu wamsikie babu yao nikiwa ningali hai."

Nilimjibu, "Sawa, Mwaitu," nikidhani ni kazi ya saa moja. Sikujua jasho lililokuwa likiningojea.

Niliivusha kanda hiyo Mto Athi kwa barabara ya lami ya Kibwezi hadi Wote, Kaunti ya Makueni, anakoishi dada yangu mkubwa. Yeye ana redio ya kaseti iliyo hai hadi leo. Niliichomeka redio kwenye stima, nikachomeka na kompyuta yangu ya kupakata, kisha nikaunganisha tundu la spika la redio na tundu la maikrofoni la kompyuta kwa waya. Nikabonyeza kitufe.

Sauti ya baba ilitokea, lakini ilikuwa imezama ndani ya mvumo mzito, vuuuu, kama nyuki walioingia mzingani. Maneno mengine hayakusikika kabisa. Dada alitoka chumbani akaenda kusimama uani.

Kwa kuwa kanda ya zamani inaweza kukatika wakati wowote, niliogopa kuicheza tena na tena. Niliporudi Nairobi nikaingia katika duka moja la vifaa vya kompyuta. Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, alinionyesha kijisanduku kidogo kuliko kiberiti, chenye tundu la USB kila upande. Akaniambia kwamba kinasafisha stima na mawimbi yote yanayopita kwenye waya wa USB, na kwamba nikikitumia nitadhani mwimbaji yuko sebuleni. Nililipa shilingi 6,500, fedha nilizokuwa nimeziweka za karo ya muhula.

Nilirudi Wote nikiwa na furaha ya bwana harusi. Nikachomeka kijisanduku kwenye kompyuta, na kwenye upande wake wa pili nikaunganisha spika zangu ndogo za USB. Nikanasa upya dakika mbili za kanda, kisha nikasikiliza. Vuuuu! Mvumo ulikuwa ule ule, haukupungua hata chembe.

Mpenzi msomaji, huenda nawe umewahi kununua dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Dada ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi mmoja wa redio hapo mjini, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimweleza kisa changu chote. Hakukigusa kile kijisanduku. Aliuliza swali moja tu: "Kijana, sauti ya mzee wako inaingilia wapi kwenye mashine?"

"Kwenye tundu la maikrofoni, mzee."

"Na hiki umekiweka wapi?"

"Kwenye tundu la USB."

Alicheka hadi akavua miwani. Akaniuliza kama nimewahi kuwaona akina mama wa Kitui wakichota maji kwenye mchanga wa mto mkavu. Punda akiingia kisimani na kuyavuruga maji, hakuna anayesumbuka kuchuja kikombe chake. Humfukuza punda kwanza. Mimi nilikuwa nikichuja kikombe. Mvumo ulikuwa umekwisha kuingia katika sauti niliyoinasa, na usafi wowote wa njia ya kutokea haungeutoa.

Kisha akachomoa chaja ya kompyuta ukutani, kompyuta ikabaki ikitumia betri yake. Papo hapo sehemu kubwa ya mvumo ikatoweka. Akachomoa na redio, akaitia betri sita mpya. Kimya! Kikabaki tu kile kichakacho chepesi cha kanda yenyewe, ambacho hakina uhusiano na stima.

Nilipigwa na butwaa. Mzee alinieleza kwamba stima yetu hupanda na kushuka mara 50 kila sekunde. Vyombo viwili vinavyotumia stima hiyo vikiunganishwa kwa waya wa sauti, kiasi kidogo cha umeme hupata njia ya kuzunguka kutoka chombo kimoja hadi kingine kupitia waya huo, na sikio hukisikia kama mvumo. Chaja nazo huongeza kelele zake. Simu ya mkononi ikiwekwa karibu na waya, yale mawimbi yake huingia yakilia ti-ti-ti kabla hata haijapokea wito.

Je, kijisanduku changu kilikuwa cha utapeli? La, na hapa ndipo ningependa vijana wetu wanaopenda muziki watege sikio. Ndani ya kompyuta muziki ni nambari. Sauti ya kiwango cha CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande, na jumla yake ni takriban biti milioni 1.4 kwa sekunde. Waya wa USB wa kizazi cha kwanza, uliotoka mwaka 1996, uliweza kupitisha hadi milioni 12. Kwa hiyo njia ni pana mno, na nambari zikifika zilivyotumwa, wimbo ni ule ule. Hakuna kijisanduku kinachoweza kuzifanya ziwe tamu zaidi.

Lakini waya wa USB haubebi nambari pekee. Hubeba pia umeme wa volti 5 na waya wa ardhini, na kupitia hizo kelele za kompyuta zinaweza kufika kwenye amplifaya. Kijisanduku kama changu hukata mguso huo wa waya kwa waya huku kikiziacha nambari zipite. Ni dawa halisi, ila ya ugonjwa wake.

Niliuona ugonjwa huo Jumapili iliyofuata. Katika kanisa la dada, kijana wa mitambo alikuwa akipiga nyimbo kutoka kwenye kompyuta kupitia kadi ya sauti ya USB iliyounganishwa na miksa, na spika zikivuma mahubiri mazima. Nilimwomba akijaribu kijisanduku kati ya kompyuta na ile kadi. Mvumo ukakatika. Nilimwachia. Angalau karo ya mwanangu iliwanufaisha waumini.

Basi ukisikia mvumo, usikimbilie dukani. Chomoa chaja kwanza usikilize. Sogeza simu mbali. Badilisha waya. Kama ni kanda, futa kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, maana uchafu wake huifanya sauti iwe nzito. Fuata njia ya sauti hatua kwa hatua, tangu inapoingia hadi inapotoka, ujue kelele imejiunga wapi. Hatua hizo hazinigharimu ila betri sita na kipande cha pamba, na mzee alikataa kunitoza chochote. Kuuliza si ujinga.

Tulinasa kanda yote jioni hiyo, dakika 27, na nakala tatu nikaziweka mahali patatu tofauti. Mwishoni mwa mwezi tulikusanyika Mutomo. Huko nyumbani hutumia sola, lakini spika tuliyobeba ilikuwa na betri yake. Watoto waliketi mkekani. Baba akaanza kusalimu, jina baada ya jina, akafika kwangu na kuuliza kama nimeanza kutembea vizuri.

Kisha, kwa mbali nyuma ya maneno yake, tukasikia adhana. Mvumo ulikuwa umeificha siku zote, na redio ya zamani ya mama haikuweza kuitoa.

Mama aliinua mkono tunyamaze. "Huo ni msikiti ulio karibu na chumba chake," akasema polepole. "Ni jioni. Alikuwa ametoka kazini, na alikuwa hajala."

Hakuna aliyeongea hadi kanda ilipokwisha. Ndipo mjukuu mdogo akasema, "Susu, turudie."