Namba ya Kwenye Barua

Kila familia ina mtu wake wa kuulizwa kama kitu ni kweli. Kwetu ni mjomba. Ana masters, ana miwani, na akituma kitu kwenye grupu ya familia asubuhi, kufikia saa nne akina mama wameshakipeleka kwa chama na kanisani. Wiki hii limau linayeyusha mawe ya figo, wiki ijayo serikali inazima laini zote za simu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nikiandika "Mjomba, hii si kweli," ninajibiwa na emoji inayocheka machozi. Ni sawa. Heshima ya cheti naielewa, hata kama sina.

Lakini kuna utafiti mmoja ninaoupenda kupita kiasi, na mtanisamehe. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliketisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye PhD, wanafunzi 25 wa hapo hapo Stanford, na watu 10 ambao kazi yao ni kuchunguza ukweli wa habari. Wakaonyeshwa, kati ya mengine, tovuti mbili za madaktari wa watoto wa Marekani. Moja ni ya chama kikubwa chenye makumi ya maelfu ya wanachama. Nyingine ni ya kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Majina yao yanafanana kama mapacha.

Wanafunzi walisoma ukurasa kutoka juu hadi chini. Nembo safi, marejeleo ya kisayansi, hakuna matangazo ya kamari. Wengi wao wakaona kile kikundi kidogo ndicho cha kuaminika. Baadhi ya wanahistoria nao walibaki wakisitasita. Wachunguzi walikaa pale muda mfupi tu, wakatoka, wakafungua madirisha mengine na kuuliza: hawa ni akina nani, na wasio wao wanasema nini kuwahusu? Kwa hivyo kile tulichosifiwa shuleni, kutulia na kusoma kwa makini, ndicho kilichowaponza wenye akili. Ukurasa umeandikwa na mwenye ukurasa. Ukimuuliza yeye kama ni mwaminifu, unatarajia akwambie nini? Mimi huandikia watu tovuti ili nilipe rent, na nawaambia bila kificho: ile sehemu ya "Kuhusu Sisi" huisha kwa saa moja, chai ikiwemo.

Sasa, mwaka jana binamu yangu alipata kazi Kanada. Kupakia matunda kwenye maboksi, malazi bure, tiketi ya ndege juu yao. Barua ilikuwa na muhuri, sahihi mbili na ile bendera yenye jani. Alikuwa ameshatuma shilingi 15,000 za "kufungua faili", alizokopa kwa chama. Zilibaki 85,000 kabla ya Ijumaa, na mama mdogo alikuwa amepata mtu wa kununua ng'ombe. Mimi nilipigiwa simu Jumanne. Hakuna aliyeniuliza kama ni kweli. Niliombwa niongezee elfu kumi.

Ushauri unaozunguka mitandaoni ungetuacha hapo hapo. Ati tafuta makosa ya tahajia, ati angalia kama nembo imefifia. Barua haikuwa na kosa hata moja. Kiingereza chake kilikuwa kitamu kuliko cha ofisi zetu nyingi za serikali. Tangu programu za akili bandia zianze kuandikia kila mtu, makosa ya tahajia yamebaki kwetu sisi tunaosema ukweli. Na nembo? Mwaka 2017, siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, kulizunguka video zenye nembo za CNN na BBC zikidai kura ya maoni ilikuwa imeshatoa mshindi. Mashirika yote mawili yalizikana. Nembo ni picha, na picha hunakiliwa.

Nikaiweka barua kando, nikaenda kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA, wanakoandikwa maajenti waliosajiliwa. Jina lilikuwepo. Lote, herufi kwa herufi. Binamu akanitumia voice note: "Si nilikuambia? Wewe huwa unaona uongo kila mahali."

Ningeishia hapo ng'ombe angeuzwa. Lakini tapeli mwenye akili haundi jina jipya, huazima la mtu aliye na leseni. Kwa hivyo nikatafuta ofisi yenyewe kwingine, mbali na barua, nikapata namba tofauti kabisa. Ile ya kwenye barua ilikuwa ya mkononi na ilijibu WhatsApp tu. Hii nyingine ilipokelewa na dada mmoja aliyesikika amechoka. "Sisi tunapeleka watu Saudia na Qatar," akasema. "Kanada hatuna. Na wewe si wa kwanza kupiga leo." Nilipoendelea kuchimba nikakuta pia kwamba sheria ya Kanada inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi anayeletwa kwa mpango wa muda ada ya kumtafutia kazi hiyo. Yaani hata faili lenyewe halifunguliwi hivyo.

Kumwambia ndiko kulikuwa kazi. "Uliacha shule, sasa hutaki mwingine asonge?" Mama mdogo akaniuliza kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi: "Mwanangu, una uhakika? Kwa sababu huyu amekaa hapa nyumbani miaka minne na digrii yake." Nilikosa jibu. Watu husema wanaotapeliwa ni wajinga. Binamu yangu si mjinga, ana first class. Ile barua ilikuwa kitu cha kwanza ndani ya miaka minne kumjibu na "ndiyo".

Sikumtumia linki za kumfundisha. Nilimtumia ile namba nyingine, nikamwambia apige mwenyewe, na amwache mama asikilize kwa spika.

Wazo hilo nililitoa kwa Agosti 2022. Wiki ile runinga zilikuwa zinatuonyesha hesabu tofauti za kura za urais, na kila upande ukaapa kwamba stesheni zimenunuliwa, ilhali kila moja ilikuwa tu inajumlisha fomu kwa mpangilio wake. Lakini IEBC ilikuwa imeweka Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 wazi mtandaoni. Kwenye ploti yetu vijana walikesha na bundles za hamsini bob, kila mmoja akifungua fomu ya shule ya msingi ya kwao na kuilinganisha na picha ya ile iliyobandikwa mlangoni. Hakuna aliyehitaji kumwamini mwingine. Baadaye ilidaiwa kwamba fomu hizo zilichakachuliwa kabla ya kuwekwa. Mahakama ya Juu ikaagiza zilinganishwe na za asili, na Septemba 5 ikalitupa dai hilo. Mjomba bado halikubali, lakini mjomba hakuwahi kufungua fomu hata moja.

Binamu alipiga. Sikuwepo, najua tu kwamba ilichukua dakika tatu, na kwamba mama mdogo alimpigia mnunuzi wa ng'ombe jioni hiyo hiyo. Mimi nilikaa wiki saba bila kuongeleshwa. Aliripoti kituoni, akapewa namba ya OB, na mambo yamefikia hapo. Ile elfu kumi na tano haijarudi. Analipa chama mia tano kila Jumapili.