Shabu ya Pan Paper

Nikivuka mto Nzoia pale Webuye, jicho hukimbilia rangi ya maji kabla ya kitu kingine chochote. Mazoea ya kazi hayo. Mvua ikishanyesha Cherangani na Elgon, mto huteremka na udongo wa mashamba ya mahindi, kahawia nzito. Enzi zetu kiwandani rangi hiyo ilimaanisha usiku wa kukesha.

Kiwanda chetu cha Pan Paper hapo Webuye kilianza kutoa karatasi mwaka 1974, na watu walikijua kwa magogo, moshi na ile harufu iliyokupokea kabla hujafika mjini. Maji hakuna aliyeyataja. Ilhali rojo la nyuzi za mti linapomwagwa juu ya wavu wa mashini, asilimia 99 au zaidi huwa ni maji matupu. Yakiwa na tope, karatasi hufifia. Yakiwa na chuma, huingia madoa. Yakiwa na vijidudu, utelezi hujijenga mabombani. Kipande cha utelezi huo kikibanduka, karatasi hukatika na mashini nzima husimama, na hapo kila mtu huanza kuulizia watu wa maji, ndio sisi.

Silaha yetu ilikuwa shabu. Tulipanga bilauri sita za maji ya mto, kila moja na kipimo chake cha shabu, tukazikoroga kwa kasi, kisha polepole. Ukiwa na subira uliona udongo ukishikana vipande vipande kama pamba iliyochambuliwa, halafu vikizama. Bilauri iliyotakata kwa shabu kidogo zaidi ndiyo iliyoamua kipimo cha mtambo. Ukizidisha, maji huwa makali, itabidi kuongeza chokaa. Baada ya hapo ni matangi ya kutuamisha, vichujio vya mchanga na klorini. Mzee mmoja wa shifti yetu hakujali bilauri: alisugua maji kwa vidole, akataja kipimo, akapatia. Mimi hadi leo naamini alikuwa akichungulia daftari la shifti iliyotangulia.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2009. Mwaka 2016 kikauzwa kwa mwekezaji binafsi, lakini sisi tulikuwa tumeshatawanyika, huyu shambani, yule kwenye bodaboda.

Wala tusijisifu sana. Tuliyatakasa maji kwa ajili ya karatasi huku majirani wakichota yale yale ya kahawia, na walioishi chini ya kiwanda walilalamika miaka mingi kuhusu maji yaliyorudishwa mtoni. Hatukuwahi kubeba bilauri zile hadi kijijini kuwaonyesha akina mama wanavyoweza kutakasa maji kwa shabu kwenye ndoo.

Majirani hao bado wanachota. Basi wewe unayechota Nzoia, tia shabu kidogo, koroga, acha maji yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe. Usiruke kuchemsha: shabu huondoa tope, haitoshi kuua vijidudu.